Bunduki ya baba mkwe niliyoisugua kwa ndimu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Anayechapa ni mjukuu wangu, maneno ni yangu. Nina miaka themanini na kitu, uongo hauniongezei chochote.

Kuna kijana humu kauliza kama bunduki ya babu yake, ile ya marisau yenye mtutu wa maua maua, bado inapigika. Wengi mmemjibu ajaribu tu. Jamani!

Haya yalinikuta Muheza, miaka ya hamsini, Uhuru bado.

Mume wangu, Shafii, alikuwa fundi cherehani. Mikono yake ndiyo iliyotulisha. Bunduki aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge. Mtutu wake ulikuwa wa vyuma vilivyosokotwa vikaungwa pamoja, ndiyo maana ukawa na yale maua. Mzuri, sikatai.

Sasa, kwao kulikuwa na mtindo. Idi ikikaribia wanawake tunasugua sinia na mabuli ya shaba kwa ndimu na majivu. Mamamkwe alikuwa akiisugua na bunduki pia, tangu ujana wake, maana ndimu huyatokeza yale maua. Nilipoolewa akanikabidhi mimi. Nikasugua nje, na ndani nikapitisha kitambaa cha ndimu kwa kijiti. Bibi harusi wa miezi mitatu, nilitaka nisifiwe. Nikasifiwa kweli.

Baadaye nguruwe wa mwitu wakaingia kwenye mihogo yetu. Risasi za zamani zilikwisha, Shafii akaenda Tanga kununua mpya.

Akapita fundi wa mitambo ya mkonge, Mshambaa mmoja mpole, akaichungulia bunduki. Akasema mtutu ule ulitengenezewa baruti ya zamani, risasi hizi mpya zina nguvu mno. Akauliza tunaisafisha na nini. Shafii akajibu mafuta ya nazi. Habari ya ndimu hakuijua, hizo zilikuwa kazi za jikoni.

Mimi niko nyuma ya pazia, nasikia yote. Nikanyamaza. Mke mgeni kuingilia mazungumzo ya wanaume niliona aibu.

"Itundike ukutani, Bwana Shafii," fundi akasema.

"Baba kaipiga umri wake wote. Ije inipasukie mimi?"

Kesho yake asubuhi nikasikia mlio mmoja shambani, kisha sauti yake akiniita. Mtutu ulikuwa umefumuka kama ukili wa mkeka, kwa kufuata ule msokoto. Mkono wa kushoto, ulioushika mtutu, ukapoteza vidole vitatu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Shafii akiwa bado hospitali, fundi alikuja akanionyesha kutu kwenye maungio. Akasema kitu kikali kimekuwa kikiingia humo miaka mingi, risasi mpya ikamalizia. Kijana, kwa nje huioni kutu hiyo. Ya babu yako itundike.

Bila vidole vya mkono wa kushoto fundi cherehani hawezi kuongoza kitambaa. Basi yeye akawa anakanyaga cherehani, mimi nimekaa ubavuni naongoza kitambaa. Tukashona hivyo mpaka uzeeni.

Maisha yake yote alizilaumu zile risasi mpya. Mimi alinishukuru. Kila tukimaliza kazi ataniambia, "Mungu kanipa mke," nami naitikia.

Amekufa sijamwambia. Ninyi mngemwambia? Semeni, hata matusi nitayapokea.