Chachu ya Shamba la Mama Mukwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mama mukwe alitangaza mbele ya wamama wote kwenye bomba la maji kwamba safari hii shamba lake litalimwa kwa pombe kali, na atakayeipika ni mimi. Hakuwa ameniuliza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo kichwani, nikazisikia habari za kazi yangu pamoja na majirani.

Hapa kijijini Kafutuma, kando ya ziwa, mutu asiyeweza kumaliza shamba peke yake anapika pombe. Anataja siku, majirani wanakuja asubuhi na majembe yao, wanaonja, wanalima, wanakunywa, wanalima tena. Pombe ikiwa nzuri, wanafika mwisho wa shamba. Ikiwa mbaya, kila mutu anakumbuka ghafla kwamba ameacha samaki wake wameanikwa juani.

Mwaka uliotangulia, kabla sijaolewa, pombe ya mama mukwe ilitoka tamu kama uji wa mutoto. Watu walionja, wakasifu kwa adabu, wakaenda zao. Nusu ya shamba ilibaki majani, na nyumba ikala mihogo ya kuomba. Sasa muguu wake ulikuwa umeanza kuvimba na jembe hakuliweza tena. Mvua ilikuwa karibu. Kama watu wangeondoka tena, hatungekuwa na mihogo, na yeye asingepata tena uso wa kuwaita.

Mimi nimetoka ng'ambo, Kongo. Nilivuka ziwa na mama yangu ningali mudogo, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, na mama akanilea kwa kupika pombe. Shuleni sikufika mbali, lakini kwenye chungu cha mama nilikaa dawati la mbele. Tangu wakati ule nina ndoto ya pombe yangu mwenyewe, ndani ya chupa, yenye karatasi iliyochorwa kiboko anayecheka. Mume wangu huniuliza kiboko gani anacheka. Namwambia, aliyekunywa.

Basi siku ya kupika ilifika. Nilikuwa nimesaga kimea cha ulezi kingi, kwa sababu pombe kali inataka uji muzito na mutamu sana. Mama mukwe akarudi kutoka kwa jirani akiwa ameshika kopo la majarini. Ndani mulikuwa na chachu, yale mashapo mazito, meupe, yanayobaki ndani ya chungu pombe ikiisha.

"Shika," alisema. "Kopo moja, sawa siku zote."

Nilitazama kopo, nikatazama pipa litakalojazwa uji. "Mama, hii haitatosha."

"Haitatosha namna gani? Mama yangu kopo moja. Mimi kopo moja."

"Ile ilikuwa ya pombe nyepesi, mama. Hii uji itakuwa na sukari mingi."

"Kumbe kule Kongo banafundishaka batoto kuhesabu makopo."

Yeye ni Mubemba wa upande huu wa ziwa. Kiswahili alikipata kwa kununua samaki kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, kwa hiyo kila akikisema ni kama anapunguza bei. Nikamwambia nitakwenda nyumba zingine kuomba chachu ya kuongeza. Akaweka kopo chini.

"Unataka kunigombanisha na batu?"

Nilikuwa nimesahau, au tuseme nilikuwa bado mugeni. Huku chachu haiuzwi. Unaiomba kwenye nyumba moja tu, na pombe yako ikiisha unairudisha ndani ya kopo lile lile. Kwenda nyumba ya pili ni kusema kwamba chachu ya mama wa kwanza imekufa. Neno hilo lingefika kwa jirani kabla yangu, na siku ya kulima asingekuja, wala watoto wake, wala wakwe zake.

Nikakaa chini karibu na mafiga. Nilitafuta neno ambalo halitamuumiza.

"Mama, siku ya kulima utaita batu wangapi?"

"Bote."

"Mbona usiite bawili tu?"

"Bawili? Watachoka kwenye tuta la kwanza, walale."

"Na chachu ni batu ya kazi, mama. Pombe kali ni shamba kubwa. Ukiingiza wachache, wanachoka katikati, wanalala, na sukari inabaki sawa yale majani ya mwaka jana."

Huo mwaka jana ulitoka mudomoni bila kubisha hodi. Mama mukwe akanitazama sana.

"Unanitukana ama unanifundisha?"

"Ninakuomba, mama. Uji mukubwa tusiupike leo. Unipe nafasi chachu ya hii kopo izae kwanza."

Alielewa nilichokuwa naomba. Siku ilikuwa imekwisha kutajwa, na kuchelewa kupika maana yake pombe ingeiva asubuhi ile ile watu wanapofika na majembe. Alisugua muguu wake, akafikiri.

"Sawa. Lakini ikikataa, utaingia shambani weye peke yako, na jembe, na hiyo mudomo yako."

Nilipika uji kidogo, mwepesi, wenye kimea. Nikangoja upoe mpaka mukono wangu, upande wa ndani, usisikie moto, kwa sababu uji wa moto unaua chachu. Nikamimina kopo lile ndani ya chungu kidogo, nikakifunika kwa kitenge changu cha harusi na kukiweka karibu na mafiga. Niliwaonea huruma wale batu ya kazi wa chachu. Wametolewa kwao ndani ya kopo la majarini, wamekuja kwa watu wasiowajua. Nikainama juu ya chungu nikawaambia, "Amukeni, bandugu, kazi iko."

Mume wangu akauliza, "Unasema na nani?"

"Na batu ya mama yako."

Mapovu yalikuja, kwanza moja moja kama macho ya samaki, halafu kifuniko kizima. Nikawahamishia kwenye ndoo yenye uji mwingine. Kesho yake ndoo ilikuwa inafoka, na chachu iliyotulia chini ilikuwa nene kuliko nilivyotumaini. Tukapika uji mukubwa, ukapoa, na hapo mama mukwe akageuka kabisa.

"Mimina yote," alisema.

"Si yote, mama. Wakizidi, watakula shamba kwa siku moja, pombe itafoka nje ya pipa, na batu wakifika itakuwa imekufa, inanuka unga mubichi."

"Jana wachache. Leo wengi. Weye mukamwana hauna shukrani."

Lakini alikuwa anacheka. Nilipima kama mama yangu alivyopima, kwa vidole: kwa pipa lile, pombe nyepesi unene wa vidole viwili vya chachu, pombe kali vinne. Kilichobaki nikakitenga. Jioni mama mukwe aliweka sikio lake kwenye pipa, akakaa hivyo muda murefu.

"Iko nasema," aliniambia polepole. "Sawa mvua juu ya manzanza." Ndivyo tunavyoita mabati.

Siku ya kulima walikuja wengi. Wa kwanza kuonja alikuwa muzee mumoja wa kanisa letu ambaye hunywa kwa ajili ya tumbo. Alikunywa, akachungulia ndani ya kikombe. Mimi nilishika nguo yangu kwa mikono miwili. Akakunywa tena, akavua shati, akalifunga kiunoni, akachukua jembe.

"Nani amepika?" aliuliza akiwa tayari anakwenda.

"Mukamwana wangu," mama mukwe akajibu kwa sauti ya kufika ziwani. "Ametoka ng'ambo."

Sijui kama nimewahi kusimama wima kama siku ile.

Walilima wakiimba. Kabla jua halijakaa kichwani, tuta la mwisho lilikuwa limesimama na pombe ilikuwa bado ipo. Basi wakapitiliza. Waliingia kwenye kichaka cha pembeni, ambacho hakuna aliyekigusa tangu baba mukwe afariki, wakaanza kung'oa visiki. Mama mukwe akachechemea nyuma yao akipiga kelele, "Hapana kule, batu bangu, shamba imeisha."

"Imeisha kwako, mayo," muzee akamujibu, akimwita mama kwa Kibemba, bila kuinua kichwa. "Kwetu bado."

Walipoondoka, kichaka kilikuwa udongo mwekundu, mubichi. Mama mukwe alikaa juu ya kisiki, akanyoosha muguu, akanionyesha kwa fimbo toka mwanzo mpaka mwisho wa kile kipande.

"Hii ni ya kwako," alisema. "Panda ulezi wa pombe yako. Mihogo niachie mimi."