Shikamoo Niliyomfundisha Mwalimu Elke

Nakumbuka asubuhi moja ya soko pale Ilula, mwanangu, nilipokuwa binti wa kuuza nyanya kando ya barabara, sijui hata herufi a. Alikuwa amekuja mwalimu mgeni, Mzungu, jina lake Elke, kutufundisha wanawake kusoma katika ukumbi wa kanisa. Mimi Yustina nilikuwa na hamu moja tu: niandike jina langu mwenyewe, niache kuweka dole gumba.

Elke alipenda kuuliza. Siku hiyo akaniuliza watoto wanasalimiwaje. Wenzangu, Vumilia na Skola, wakanikonyeza. Nikamwambia, ukikutana na mtoto unaanza wewe: shikamoo. Akashukuru, akaandika kwenye kidaftari chake. Basi wiki nzima mtu mzima yule akawa anawaamkia watoto wa chekechea, nao wanaitikia marahaba kwa sauti za kizee, soko zima hatuna mbavu. Niliyecheka zaidi ni mimi.

Kisha akajua, nani alimwambia, sijui. Hakugomba na mtu. Ukumbi ukafungwa tu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nami kwenye jina langu nilikuwa nimefika Y na U.

Bibi Leokadia, aliyeuza vitunguu meza ya pili, akaniita. "Ulimi wa mgeni ni mtoto mchanga," akasema. "Wewe umeulisha pilipili."

Akanishika mkono mpaka kwa Elke. Nikapiga magoti, kama sisi Wahehe tunavyowasalimu wakubwa, nikasema, "Shikamoo, mwalimu."

Elke akauliza taratibu, "Na mimi nijibu nini?"

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Alishaogopa kinywa changu. Nikamwambia, marahaba. Akamtazama kwanza Bibi Leokadia, bibi akaitikia kwa kichwa, ndipo naye akaitika. Kesho yake ukumbi ukafunguliwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliyepona ni mimi. Maneno haya nayaandika kwa mkono wangu. Herufi zimelala kidogo, lakini ni zangu, na kila nikiandika namshukuru Elke.

Sasa nasikia shuleni kwenu kaja mwalimu mgeni, na mnamwiga anavyotamka. Akikosea, mwambie lililo sawa, tena pembeni, watu wasisikie. Usimpe neno ambalo usingempa mama yako.

Mungu aubariki ulimi wako. Na popote utakapokuwa mgeni, akukutanishe na Leokadia, akuepushe na Yustina wa siku zile.