Dobi Aliyeambiwa Anyooshe

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Mama Kola amesimama ameukabili ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Vidole vya mkono wake wa kulia vinatambaa juu ya rangi iliyobanduka, polepole. Vinafika usawa wa sikio. Vinasita. Kisha mwili mzima unajiinua kidogo.

"Visigino chini, shemeji," anasema mwanamume aliye nyuma yake. "Tunapandisha mkono, hatuchungulii kwa jirani."

"Wewe chuchumaa huko," anamjibu bila kugeuka. "Magoti yako yanalia kuliko bawaba za mlango."

Ndivyo siku inavyoanza katika chumba hiki cha udobi. Mama Kola, jina alilobandikwa na wateja kwa jinsi anavyozikaza kola za mashati kwa wanga, ana zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi hii. Hakuianza peke yake. Dada yake mkubwa alifua na kuanika, yeye akapiga pasi. Mwaka jana dada aliugua, akafariki dunia, na kazi ya watu wawili ikamwangukia mmoja.

Haukupita muda, bega la kulia likagoma.

"Kuchana nywele tu nilikuwa natoa machozi," anasema.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alimpa agizo fupi: "Nyoosha asubuhi na jioni, mama. Usikose."

"Sasa dobi ukimwambia anyooshe, atanyoosha nini?" anauliza, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Nikasema kumbe dawa ninayo mezani. Nikanyoosha mashati, nikanyoosha suruali, hata nguo ambazo hazikuwa na mkunjo."

Maumivu yakazidi. Aliporudi, mtaalamu akamuuliza kama ananyoosha.

"Tena kutwa nzima. Jana nimemaliza mashuka yote ya nyumba ya wageni."

Mtaalamu alicheka mpaka akaketi, kisha akamwomba radhi na kumwonyesha zoezi lenyewe: kupandisha vidole ukutani, kila siku juu kidogo.

Zoezi likaeleweka. Moyo ndio uliokataa. Alilifanya siku chache, akaliacha.

"Nilikuwa nautazama ukuta, nasema, hata huu mkono ukipona, ndiyo iweje? Mtu niliyekuwa nacheka naye humu hayupo. Basi narudi kulala."

Kuanika kukabaki kwa shemeji yake, mume wa marehemu, mlinzi anayepitia hapo kila asubuhi akitoka zamu. Nia anayo, ila kazi haijui. Alikuwa akiyakunja mashuka juu ya kamba na kuyabana katikati, yanakauka na makunyanzi ambayo pasi haiyawezi. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye mashuka yake ni nusu ya kipato cha Mama Kola, akaja na onyo: yakiendelea hivyo, atatafuta dobi mwingine.

"Shemeji, unaanika au unafunga mzigo?" Mama Kola alifoka mteja alipoondoka.

"Basi anika wewe."

Mlinzi akapindua beseni, akalikalia.

"Na mimi nimefiwa," akasema. "Lakini aliyekufa ni dada yako. Mkono wako uko hai. Unauzika wa nini?"

Mama Kola anasema alimchukia siku nzima. "Kesho yake nikamwambia, sawa, nitaukabili huo ukuta, ila na wewe uyashughulikie hayo magoti. Siwezi kuchekwa peke yangu."

Wameendelea tangu hapo, japo si kila siku ni nyepesi. Zipo asubuhi ambazo harufu ya sabuni peke yake inatosha kumkalisha chini. Siku hizo shemeji hamhubirii. Humuuliza tu, "Leo umeniogopa?"

"Nikuogope wewe?" hujibu, na kabla hajajua, vidole viko ukutani.

Foronya ndizo alizoanza kuanika mwenyewe. Wiki iliyopita akaanika shuka, pana, la kitanda cha watu wawili, akalivuta kingo kwa kingo hadi likatulia. Mwenye nyumba ya wageni hajamkimbia, ingawa bado anakagua kila shuka kabla ya kulipokea. "Akague tu," anasema Mama Kola. "Macho ni yake."

Zoezi la leo likiwa limekwisha, jirani anachungulia mlangoni. Anataka kujua kama mablanketi yameanza kupokelewa tena, maana tangu bega ligome, kazi hiyo ilisimama.

Mama Kola anauinua mkono, anautazama unapofika, anaushusha.

"Mwezi ujao lete," anasema. "Moja. Na liwe la mtoto."