Sinia la Kumkumu

Sivagami alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi katika karakana ile ya Coimbatore, kusini mwa India, na kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo yeye ndiye aliyezunguka na sinia siku ya kuziombea zana. Mashine zikishaoshwa na kufungwa migomba, yeye, mhandisi mkuu wa uzalishaji, alizipaka liwa, na juu ya liwa kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, mashine baada ya mashine, hadi koleo la mwisho. Watu walisema mkono wake una baraka. Baraka labda, lakini mkono huo ulikuwa na akili pia: chumba cha vipimo ulikiruka. Humo ndimo zinamolala kazi za roketi, vipande vya injini vinavyotengenezwa hapo, na kazi ya roketi haipakwi kitu. Hakuwahi kumwambia mtu. Nani angeuliza, na sinia analo yeye?

Mwaka huu sinia hakupewa. Mumewe, Elango, alifariki Juni, moyo ulisimama akiwa anafunga viatu, na mjane hashiki kumkumu, rangi ya wenye waume. Hilo halijaandikwa popote, ila hata mtoto wa shule analijua. Mwenye karakana alimwita akazungusha maneno mpaka Sivagami akamhurumia, akamwambia ampe sinia Arumugam, msimamizi wa mafundi. Siku yenyewe alisimama nje penye pikipiki, akasikia boga la kufukuza mkosi likipasuliwa mlangoni, akaletewa bisi za mchele ndani ya gazeti. Alizila zote, na hazikuwa tamu wala chungu. Tangu Juni ndivyo ilivyokuwa: alikula, akalala, akaja kazini, mwili wote una ganzi, kama ni wa mtu mwingine na yeye ameachiwa autunze tu.

Siku nne baadaye walikipima kisahani. Ni kipande cha chuma kipana kama sahani ya chai, chenye matundu mia nne na kumi na mawili ya kupulizia mafuta ndani ya injini ya roketi. Kilikuwa kimekula miezi minane ya kazi. Walikipitishia maji, na vijito vyote vikashuka wima isipokuwa kimoja, kikaenda upande. Sivagami akaweka jicho kwenye hadubini. Tunduni mlikuwa na chembe, nayo ilikuwa nyekundu.

Aliitambua kabla hajafikiri. Rangi hiyo alijipaka kwenye njia ya nywele kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa.

Arumugam alikuwa nyuma yake. Ni mtu wa mizaha, hakosi neno juu ya kitambi chake mwenyewe, lakini sasa alikuwa akiusugua mlango kwa kidole kana kwamba una doa.

"Niliona vibaya kukiruka, madamu," alisema. "Si ndicho kitakachopanda juu? Nikakifunua, nikakipaka ukingoni tu. Kesho yake roho ikanisuta, nikakifuta kwa spiriti."

"Spiriti ndiyo iliyoiingiza tunduni, kaka."

"Sasa najua."

Chembe ingetoka, na kisahani kingeoshwa upya kikapona. Asiyepona ni mtu. Wenye roketi wanadai ripoti kwa kila uchafu, ripoti ina mstari wa jina la mwenye kosa, na mwenye jina hilo hagusi tena kazi yao. Arumugam alibakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Mwenye karakana alikuja, akasikiliza, akashauri kwa sauti ya chini kwamba chembe itolewe na wote wasahau. Sivagami alimjibu kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na injini ikifa inaonekana nchi nzima. Alisema bila hasira. Hasira nayo ilikuwa imekwenda na Elango.

Akavuta fomu, akaandika yote: liwa, kumkumu, spiriti. Kwenye chanzo aliandika kwamba mhandisi mkuu alijua kisichopakwa, hakukiandika wala hakumfundisha mtu. Kwenye jina akaandika lake.

"Madamu, mkono ulikuwa wangu," Arumugam alisema.

"Ulikuwa wako kwa sababu wangu mliuzuia. Nami nikawaachia, sikufungua mdomo." Akamgeukia mwenye karakana. "Mwakani sinia nashika mimi. Atakayeona mkosi abaki nyumbani siku hiyo."

Mwenye karakana hakukataa.

Ripoti ingeondoka saa kumi alasiri. Kabla ya hapo, mkono wake ukiwa bado unaruhusiwa, Sivagami aliinama kwenye hadubini, Arumugam akimshikia taa, naye akaitoa chembe kwa unywele wa brashi. Akavua glovu, akaipangusa chembe kwenye ncha ya kidole. Aliitazama ile nukta nyekundu muda mrefu, akingoja kusikia chochote moyoni. Hakusikia. Ila siku hiyo hakunawa mkono huo hadi alipofika nyumbani.