Kizungu cha Msalaba wa Jonas

Pale Mbagala, ukitaka msalaba wa mninga usiopinda hata masika yaunyeshee, unaelekezwa kwa Kasiani. Mwenyewe hakufichi: "Kaburi lisilo na mkono wangu, nyie, hilo ni tuta la viazi!"

Rafiki yake Jonas alipofariki, mjane, Yuliana, alimwomba kitu kimoja tu: "Shemeji, mchongee baba watoto neno Marehemu, na jina lake. Jioni tunazika."

"Marehemu ni ya kila mtu," Kasiani akajibu. "Jonas nampa Kizungu. Deceased! Neno la kwenye vyeti vya serikali."

Akashika patasi. Herufi zikasimama kama askari wa gwaride, naye akaupeleka msalaba msibani, akausimamisha katikati ya turubai ili asiwepo wa kusema hakuuona.

Wa kwanza kuusoma akawa Mwanakombo, nesi mstaafu na mtani wa familia. Na mtani msibani hana wa kumnyamazisha. "Jamani, Jonas hajafa! Kasiani kaandika Diseased, mwenye maradhi! Mtoeni kwenye jeneza tumrudishe wodini!"

Turubai zima likaangua kicheko. Yuliana peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Kasiani. Kosa la rangi unalifuta kwa kitambaa. Hili lilikuwa ndani ya mti.

Unadhani alitoroka? Humjui. Alimwinamia Yuliana: "Shemeji, nipe muda wa ibada tu." Nyuma ya nyumba akalipiga randa lile neno la Kizungu mpaka likawa taka za kuwashia jiko. Kisha akachonga alichoombwa tangu mwanzo. Na patasi ikienda, wazo likamwingia: deceased inasema mtu kafa, basi, imemaliza. Marehemu inamtaja na rehema yake papo hapo. Kumbe Kizungu ndicho kilichopungukiwa! Mkono ukazidi kasi.

Makaburini, Yuliana alipitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine. "Haya," akasema. "Huyu sasa ndiye mume wangu."

Mwanakombo naye akasogea, akaukagua mti juu hadi chini, akakosa pa kuuma. "Sie Waislamu misalaba hatuna," akanong'ona, "ila siku yangu ikifika, kibao changu ukichonge wewe."

"Kufa kwanza, mtani," Kasiani akajibu, kifua mbele. "Mie sichongi kwa ahadi."