Maji Yalipoachana Juu ya Kivuko

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa penseli, daftari lenye jalada gumu, na onyo. Karani Mkuu wa ofisi ya vipimo vya mto pale Ifakara, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Benedikto, kazi hii haina maneno mengi. Unachokiona, andika. Usichokiona, usiandike. Umesikia?" Nikasema nimesikia, mzee. Nilisikia kweli, na hilo ndilo lililoniponza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Nyinyi vijana wa vyuoni mnadhani mto unapimwa kwa kuutazama. Thubutu! Tulivuta waya toka ukingo hadi ukingo, tukaingia mtumbwini, na kila baada ya hatua chache tukashusha mti wenye alama za futi kupata kina. Kisha tukazamisha kipima mwendo, kidude chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji, tukahesabu mizunguko. Upana mara kina mara mwendo, hapo umepata maji yanayopita kwa sekunde moja. Viboko wanakuangalia, mvua inakupiga, na daftari sharti libaki kavu hata kama wewe umelowa chapachapa.

Vituo vilikuwa viwili: cha juu upande wa Mofu, cha chini pale kivukoni Ifakara. Kivukoni palichaguliwa kwa sababu gari la Bwana Mhandisi lilifika bila kukwama. Sababu nyingine sikuambiwa. Kiangazi vituo vyote vilikubaliana. Masika yalipoingia, vikaachana. Juu maji mengi, chini pungufu karibu robo. Nikarudia kupima siku tatu mfululizo, yakawa yale yale.

Bwana Mhandisi akaniita. Mezani kwake palikuwa na mchoro wa tuta alilotaka kulijenga kukinga mashamba ya mpunga, na hesabu zangu zilikuwa zinamharibia.

"Maji yamekwenda wapi? Yamepanda mbinguni?"

"Sijui, bwana. Ninachojua hayakupita kivukoni."

"Ulikunywa pombe huko juu ukajaza daftari. Chukua ukurasa mpya, sawazisha hesabu, utie sahihi. Hutaki, basi kazi huna."

Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Niliogopa, sitawaficha. Lakini hasira ilishinda woga. Mimi, niliyelowa siku tatu, niitwe mlevi!

"Sitatia sahihi, bwana. Nimeandika nilichokiona."

Karani Mkuu, yule yule aliyenifundisha, alikuwa pembeni anahesabu mabati ya darini. Mhandisi akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaandika KOSA kando ya hesabu zangu. Akanipa mpaka Jumamosi.

Aliyetupigia kasia alikuwa mvuvi wa Kindamba, Mzee Kasimiri. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu. "Ama kweli nyie Wapogoro wa mlimani maji mnayajua ya mtungini! Masika sisi tunatega wapi migono?"

"Mtoni."

"Mtoni wapi? Panda mtumbwi."

Nikajua siku hiyo kwamba masika yakishika, wavuvi huhamisha migono yao, ile mitego iliyosukwa kwa fito, wakaipanga katikati ya matete, midomo ikiuelekea mto. Samaki hutoka mtoni pamoja na maji kwenda kuzaa mbugani. Tulikuta safu ndefu ya migono, na katikati yake maji yanatoka mtoni kimya kimya, yanazunguka nyuma ya kivuko na kurudi mtoni mbele kabisa. Hakuna karani aliyewahi kufika hapo, maana hapakuwa na barabara. Nikavuta waya, nikapima. Nikajumlisha na ya kivukoni. Hesabu ikafunga, sawa na ya kituo cha juu.

Jumamosi nilimpeleka pale Bwana Mhandisi mwenyewe, suruali imekunjwa magotini. Aliifuata safu ya migono kwa macho mpaka mwisho. Tuta lake lingeziba mkondo ule, na maji yangerudi ndani ya nyumba za watu. Mchoro aliubadilisha. Pole hakunipa. Wiki iliyofuata nikahamishiwa Chita, kisha kwingine na kwingine, na kila bosi mpya alikuwa ameshaambiwa kwamba mimi ni mbishi. Ndiyo, ni mbishi!

Mjukuu wangu Agata anasoma hesabu chuo kikuu. Anasema hilo la maji kuachana linaitwa mwachano: unazunguka eneo lote, unapima kinachoingia na kinachotoka, na tofauti yake inakuambia ndani kuna nini. Wengine nao wana mwachano wao. Mganga wa macho akiona macho yameachana, anatafuta msuli uliolegea. Mwalimu wa hesabu ana jumla zisizotulia kwenye namba yoyote hata ukijumlisha maisha yako yote. Wa lugha anasema Kindamba na Kipogoro vilianza njia moja, kisha vikaachana. Hao wote wakiona vitu vimeachana, wanauliza kwa nini. Bosi wangu peke yake ndiye aliyeona kosa, na ndiye aliyekuwa na wino.

Nilipostaafu waliniandalia soda na hotuba. Mkuu wa ofisi, kijana wa siku hizi, akaleta daftari langu la kwanza, alilolikuta stoo, akidhani ni zawadi ya kunichekesha. Nikalifungua. Lile neno jekundu lilikuwa pale pale, na mahali pa sahihi pakiwa bado wazi.

"Mwanangu," nikamwambia, "nipe kalamu."

"Mzee, hiyo ni kumbukumbu ya serikali, haichorwi."

"Hata mimi ni kumbukumbu ya serikali. Lete kalamu."

Akanipa. Nikalifuta lile KOSA kwa mistari miwili. Kisha, chini ya hesabu nilizozipima huku nikilowa, nikatia sahihi yangu.