Pahali Peupe kwenye Pakiti ya Mbegu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji pale Kitale, Mkuu wa Michoro alinipa rula, wembe na karatasi, akaniambia nichore pakiti ya mbegu za mahindi. Nilichora hindi, mlima, jua, jembe na mama anayecheka. Akavihesabu, akavihesabu tena. Tabia hiyo nimeirithi kwake.

"Vitu vitano," akasema. "Mkulima ananunua vingapi?"

"Kimoja, mzee."

"Basi chora hicho."

Pakiti iliyojulikana hadi Lwakhakha mpakani ilikuwa kazi ya mkono wake: hindi moja, rangi mbili, nusu ya chini tupu. Kila rangi ilikuwa na bamba lake, yaani bati la kuchapia, lililopita kwenye mashine peke yake. Mimi niliomba rangi nne. Tukavutana asubuhi nzima, tukafikia mbili. Sijawahi kushindwa vizuri namna hiyo.

Kisha nikapelekwa tawi la Bungoma, bado niko kwa majaribio. Meneja wa Mauzo aliona ule weupe ni uvivu, akataka niujaze. Nikaujaza maua. Msimu wa kupanda, pakiti zikarudi kutoka Myanga hazijafunguliwa, na Meneja akatangaza kwamba aliyechora maua aanze kufunga virago.

Mkuu wa Michoro alikuja mwenyewe kutoka Kitale, tukaenda wote soko la Myanga. Mama mmoja mkulima alitupokea bila kutubembeleza.

"Si mmetuharibia, bana. Sasa nitaandika wapi?"

Akatuonyesha pakiti ya zamani. Pale peupe aliandika kwa kalamu jina lake na la shamba. Kwao wake wa ndugu wanne walitumia ghala moja. Bila jina, mbegu za huyu hupandwa na yule, na ugomvi wake hata mchungaji anauogopa.

Mzee aliipokea ile pakiti, akalisoma lile jina.

"Mimi nilipaacha macho yapumzike tu," akaniambia. "Huyu mama ndiye amemaliza mchoro."

Kwa Meneja alisema kosa ni lake, kwamba hakunifundisha kazi ya pale peupe kwa kuwa hata yeye hakuijua. Maua yakatolewa, mimi nikabaki, hadi nikastaafu.

Mzee alishatutangulia, nami namshukuru kila msimu. Vijana wanaochora kwa kompyuta huniletea kazi zao hapa nyumbani Bumula, huniita nyanya kwa lugha ya kwetu, wakiuliza, "Kukhu, si hapa kumebaki tupu?"

Nahesabu vilivyopo, narudia.

"Paacheni," nawaambia. "Mwenyewe atakuja na kalamu."